Mashine ya Kuchonga na Patasi za Marehemu Baba



Nimeombwa na ndugu wanaotutayarishia jarida hili niandike habari za ile mashine iliyomo katika banda langu la gari hapa Sydenham, kwani haipiti wiki bila ya mtu kuniuliza. Wapo waliosikia mlio wake kutoka barabarani wakadhani nimefungua kinu cha kusaga mahindi. Wapo pia vijana wetu wa useremala wenye nia ya kununua ya kwao, na matangazo ya mashine hizi siku hizi humfuata mtu mpaka kitandani ndani ya simu yake. Nimekubali kuandika kwa sharti moja, nalo ni kwamba nitayaeleza na makosa yangu. Anayetaka kusikia sifa tupu na aende kwa muuzaji.

Mimi ni mtoto wa mchonga milango. Marehemu baba alikuwa na karakana Mji Mkongwe, Unguja, chumba kimoja kisichozidi hatua nne kwa tano, na humo aliketi juu ya jamvi, ubao wa msaji umelala mbele yake, na patasi kumi na nne zimepangwa kwa ukubwa upande wake wa kuume. Nilijifunza kwake tangu nilipokuwa skuli ya msingi. Mwaka 1998 nilihamia Durban, nikapata kazi katika kiwanda kimoja cha samani upande wa Jacobs, na huko nilikaa miaka kumi na tisa nikipasua mbao za makabati. Nakshi haikuwapo hata ya dawa. Patasi za baba, nilizokabidhiwa alipofariki mwaka 2009, zilikaa kabatini zimefungwa ndani ya kipande cha kanga, na hewa ya chumvi ya mji huu ikawa inazila taratibu. Nilipoacha kiwanda nilidhani sasa nitarudi kwenye kuchonga. Kumbe vidole vilikuwa vimekwisha kutangulia kustaafu. Daktari alisema ni baridi yabisi. Naweza kushika patasi kwa muda wa nusu saa, kisha kidole gumba hukataa amri.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alinijia mzee mmoja wa Chatsworth. Wasomaji walio wageni katika mji huu huenda hawajui kwamba Durban wapo watu waitwao Wazanzibari ambao hawakuja kwa ndege wala kwa basi kama sisi. Mwaka 1873, mwaka ule ule ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa, manowari za Waingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa zilianza kuwateremsha waliookolewa hapa Port Natal ili wafanye kazi za mikataba. Wengi wao asili yao ilikuwa ni Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini jina la Wazanzibari liliwaganda wao na vizazi vyao. Waliishi Kings Rest, huko Bluff, kwa miongo mingi, wakaihifadhi dini yao na lugha yao ya Kimakua, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ilipowang'oa na kuwapeleka Chatsworth.

Mzee huyu Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini alinieleza haja yake bila ya kumumunya. "Mwanangu," alisema, "tunaitwa Wazanzibari kwa miaka mia na hamsini, na mimi mlango wa Zanzibar sijapata kuuona ila katika picha. Nataka mmoja nyumbani kwangu kabla ya 2023 kwisha." Sikuwa na ujasiri wa kumwonyesha vidole vyangu. Nikasema inshallah. Akaweka malipo ya mwanzo juu ya meza, akanywa chai yake, akaondoka. Usiku ule mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Utauchonga kwa mkono wa nani?"

Kwa asiyeujua mlango wetu wa pwani, una miimo miwili iliyosimama pembeni, kizingiti cha juu, na mabamba mawili yanayokutana katikati, mahali aliposimama mti mwembamba uitwao mfaa. Nakshi nyingi hukaa kwenye miimo, kizingiti na mfaa. Baba alikuwa na desturi ya kuweka karatasi juu ya nakshi ya mlango wa zamani na kuisugua kwa makaa mpaka umbo litoke. Karatasi sita za namna hiyo nilikuja nazo Durban, na moja ni ya mwimo wenye mnyororo, pete ikishika pete. Huo ndio niliomwonyesha mzee, naye akauchagua papo hapo.

Shauri la mashine lilitoka kwa mwanangu wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na sita. Herufi CNC ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mashine inayoongozwa kwa tarakimu kwa njia ya kompyuta. Kwa upande wetu maseremala, ni mota yenye kisu kinachozunguka kwa kasi, iliyoning'inizwa juu ya meza kwenye kitu mfano wa daraja. Mota nyingine huisogeza kushoto na kuume, mbele na nyuma, juu na chini, kwa kufuata mchoro uliogeuzwa kuwa tarakimu. Fikra yenyewe si ya jana. Mashine ya kwanza ya aina hiyo, ya kukata chuma, ilionyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952, nayo ilipewa maagizo kwa utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Zimeingia majumbani kwa sababu mota na vifaa vya elektroniki vimeshuka bei, na kwa sababu mwaka 2009 ilitolewa programu ya bure iitwayo GRBL, inayoweza kuongoza mashine kwa kibao kidogo cha elektroniki.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pupa. Nilinunua mashine ndogo ya mezani yenye nafasi ya kukata milimita 300 kwa 180, kwa randi 5,200. Ilichonga jina la binti yangu juu ya ubao laini wa msonobari, na nyumba nzima tukafurahi. Siku ya pili niliweka mninga. Wasomaji wa Tanzania watafurahi kujua kwamba mninga wetu unapatikana hapa, ila wao huuita kiaat. Kisu kilipougusa, daraja zima lilitetemeka, na badala ya mfereji nikapata kitu kama njia ya mbuzi. Mashine haikuwa mbovu. Ilitengenezwa kwa kazi nyepesi, nami nikaitwika mzigo wa punda. Randi 5,200 zilikwenda hivyo, na kwa muda wa mwezi mzima sikuthubutu kutaja neno mashine mezani.

Ndipo nikakaa na mwanangu tukaanza upya, safari hii tukiuliza kazi kwanza na chombo baadaye. Wengi huanza kwa kuuliza ukubwa wa meza. Nami nilitaka meza ya kuingia mwimo wa milimita 2,100, na bei yake ikanitoa jasho. Mwanangu ndiye aliyegundua kwamba ubao mrefu waweza kuchongwa kwa vituo. Unachonga sehemu ya kwanza, unausogeza ubao mbele kwa kipimo maalumu, unachonga sehemu ya pili, na kadhalika. Mnyororo wa baba unafaa kwa jambo hilo kwani kila pete ina urefu wa milimita 140. Pete tano ni milimita 700, na vituo vitatu vinatimiza mwimo. Kwa hiyo meza ya milimita 600 kwa 900 ilitutosha.

Linalozidi ukubwa kwa umuhimu ni ugumu wa kiwiliwili. Mninga haukubembelezi. Daraja likipinda hata kwa kiasi cha unene wa karatasi, kisu hulia na kuacha mawimbi. Kwa hiyo chuma kizito ni bora kuliko bati na plastiki, hata kama mashine ya plastiki ina taa nyingi. Baada ya hapo tazama kinachosukuma daraja. Zipo zinazovutwa kwa mkanda wa mpira wenye meno, ambazo ni nyepesi na za bei nafuu, lakini mkanda hunyooka. Zipo zenye skrubu ya nyuzi za kawaida, ambayo baada ya muda hulegea, ukiagiza mashine irudi nyuma inakuwa na uvivu kidogo kabla ya kutii. Na zipo zenye skrubu ya gololi, ambapo nati hutembea juu ya gololi ndogo za chuma. Hizi ndizo nilizozitaka. Kuhusu mota ya kisu, kilowati 1.5 hadi 2.2 zinamtosha mtu wa nyumbani, na ile inayopozwa kwa maji ni ya kimya zaidi kuliko ya feni. Ule mlio wa kinu mnaousikia ni wa kisu na mbao, si wa mota.

Tulipata mashine iliyokwisha tumika, kwa mtu wa mabango aliyekuwa akifunga biashara yake, kwa randi 38,000. Fedha hizo zilikuwa nauli yetu ya kwenda Unguja mwaka ule, watu wanne. Sitaficha kwamba tulizozana. Mama watoto alisema mlango wa mzee hautaweza kuzirudisha, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Nilichoweza kumjibu ni kwamba mkono wangu haurudi pia. Mwishowe alikubali, akaongeza kwamba ikiwa nitainunua basi nisiinunue kwa aibu, niikague kama ninavyokagua ng'ombe.

Nikafanya hivyo. Nililishika daraja kwa mikono miwili nikalisukuma huku na huku ili nione kama linacheza. Nilimwomba mwenyewe aliendeshe toka mwanzo wa reli hadi mwisho, nikasikiliza kama pana mahali panapokwaruza. Nilikizungusha kisu kwa mkono huku geji ya saa ikikigusa, nione kama kinazunguka katikati au kinayumba. Vyote vilikuwa salama. Nililosahau kuangalia ni kompyuta. Mashine nyingi za zamani huendeshwa na programu inayohitaji lile tundu pana la printa, ambalo kompyuta za leo hazina. Kompyuta yake kuukuu ilikufa wiki ya tatu, nami nikalazimika kununua kidhibiti kipya cha GRBL. Mnunuzi wa mashine kuukuu na aitie gharama hii katika hesabu yake toka mwanzo.

Sasa nifike kwenye kuisimamisha, maana hapa ndipo palipo na kazi yenyewe, na hapa ndipo wauzaji wanapokaa kimya. Wao husema saa mbili. Mimi ilinichukua wiki tano za jioni.

Kwanza, kitako. Pimamaji lilionyesha meza iko sawa, nikaridhika. Kumbe meza yaweza kuwa sawa kwa pimamaji pande zote mbili karibu na wewe, na huku imejipinda kama jamvi lililoshikwa pembe moja. Nilivuta nyuzi mbili kutoka pembe hadi pembe, zikutane katikati. Zilipoachana badala ya kugusana nikajua pana kasoro, nikaweka vipande vya bati chini ya mguu mmoja mpaka zikabusiana.

Pili, umraba. Nilichora nukta nne kwa mashine yenyewe, milimita 600 upande mmoja na 900 upande wa pili, kisha nikapima hanamu zote mbili. Kwa hesabu, kila hanamu inapaswa kuwa milimita 1,081.7. Yangu ilipita hapo kwa upande mmoja na kupungua kwa upande wa pili, tofauti ya milimita tatu nzima. Maana yake daraja lilikuwa limesimama kishingo upande. Nikalegeza skrubu za upande mmoja, nikalisukuma, nikakaza, nikapima tena. Mara ya saba ndipo hanamu zilipolingana.

Tatu, kipimo. Mota hizi hutembea kwa hatua. Yangu ina hatua 200 kwa mzunguko, kidhibiti kinaigawa kila hatua mara nane, hivyo ni 1,600 kwa mzunguko. Na skrubu ikizunguka mara moja husogeza daraja milimita 5. Gawa, utapata hatua 320 kwa kila milimita. Kidhibiti kipya kilikuja kimewekewa 400. Nilipoagiza milimita 100, daraja likaenda 125. Kosa kubwa hivyo huonekana kwa macho, na namshukuru Mungu kwa hilo. Makosa madogo ndiyo yanayokula mbao kimya kimya.

Umeme nitausema kwa mkazo, kwani ni jambo la roho za watu. Kile kisanduku kinachobadilisha umeme wa nyumbani kwa ajili ya mota ya kisu huvujisha umeme kidogo kuelekea waya wa ardhi, kwa maumbile yake. Katika nyumba zetu za hapa ipo swichi ya usalama inayokata umeme wote ikihisi uvujaji. Kwangu ilikuwa ikikata karibu kila nikiwasha, na friji inazima, na watu wanapiga kelele ndani. Jamaa mmoja alinishauri niukate waya wa ardhi ili swichi isihisi kitu. Ndugu zangu, msimsikilize mtu wa namna hii hata akiwa fundi wa miaka thelathini. Ukiukata, uvujaji utahamia kwenye mwili wa mashine, na siku moja utaushika huo mwili mikono ikiwa na jasho la Januari. Nilimwita fundi wa umeme mwenye cheti, akanivutia njia ya pekee kutoka kwenye boksi kuu, yenye swichi yake ya usalama. Aidha alipima kwa mita akagundua kwamba mwili wa mota ya kisu haukuwa umeunganishwa na ardhi kabisa. Mwenye mota ya bei nafuu na apimishe hili kabla ya kuiwasha.

Baadaye mashine ilianza kusimama ovyo, ikidai imegonga mwisho wa reli ilhali imo katikati. Ilikuwa ni waya wa mota kupita ubavuni mwa nyaya nyembamba za swichi za kikomo na kuzitia kelele. Nilizitenganisha, nikatumia waya wenye ganda la chuma uliofungwa ardhini, na mashetani yakaondoka.

Juu ya meza unawekwa ubao wa MDF ambao mimi nauita wa kafara, kwani kisu kinaruhusiwa kuuumiza. Mashine yenyewe ndiyo iupige randa kwa kisu kipana, ili uso wake ulingane na mwendo wa daraja. Nilipopitisha kiganja juu ya wangu nilisikia vijingazi baina ya mstari na mstari. Hiyo ni dalili kwamba mota ya kisu imeinama, nayo husahihishwa kwa karatasi nyembamba nyuma ya kishikizo.

Na mwendo wa kisu. Silika ya seremala akiona kuni inaungua ni kupunguza mwendo. Hapa ni kinyume. Kisu kikienda polepole mno hakikati, kinasugua, na kusugua ndiko kunakoleta moto. Zidisha mizunguko ya kisu kwa dakika na idadi ya makali yake na unene wa kipande unachotaka kila kali ling'oe. Yangu ni mizunguko 12,000, makali mawili, milimita 0.08, jumla milimita 1,920 kwa dakika. Yakitoka maranda, umepatia. Ukitoka unga, ongeza mwendo au punguza mizunguko. Na vumbi la mninga huwasha pua na kubana kifua, hivyo fyonza kwa mashine na uvae barakoa, hata kama banda liko wazi.

Mwezi wa Juni 2023 tukaweka mwimo wa kwanza. Mwanangu alikuwa ameupiga picha mchoro wa babu yake na kuufuatisha mstari kwa mstari katika kompyuta. Kituo cha kwanza kilichukua saa tatu na nusu, kisu kinene kwanza na kisu chenye ncha ya duara baadaye, na pete tano zikatoka kama zilivyo kwenye karatasi. Nilimpigia simu dada yangu Unguja asikie mlio. Tukausogeza ubao, tukachonga kituo cha pili. Tulipofagia vumbi, pete ya tano na ya sita hazikushikana. Ya sita ilikuwa imepanda pembeni kwa milimita mbili. Kwa karatasi ya hesabu milimita mbili ni kitu kidogo. Kwa mnyororo ni pingu iliyokatika. Mwimo ule wa mninga, niliouchagua mwenyewe kati ya mbao arubaini, ulikuwa umeharibika.

Sababu tuliitafuta siku mbili. Nilikuwa nimeuegemeza ubao kwenye kipande cha mti nilichokipigilia mezani kwa kukisawazisha na ukingo wa meza. Ukingo wa meza ulikatwa na mtu mwingine kiwandani, nao hauna ahadi yoyote na mwendo wa daraja. Kila nilipousogeza ubao mbele ulikwenda kwa mshazari. Dawa yake ni kuiacha mashine itoboe matundu yake yenyewe. Tulitoboa matundu mawili katika ubao wa kafara na mengine katika sehemu ya mwimo itakayofichwa na ukuta, yote kwa kisu kile kile na katika safari ile ile ya daraja, tukatia vijiti vya milimita 10. Sasa ubao husogea kwa njia ile anayoijua mashine. Vijiti hivyo vilituokoa pia kwa jambo jingine, kwani mwaka 2023 mgao wa umeme ulizidi miaka yote iliyotangulia, na umeme ukikatika katikati ya kazi mashine husahau ilipo. Ukirudi, unaipeleka kwenye swichi za kikomo ipate mahali pa kuanzia, na maadamu ubao haujaondoka kwenye vijiti, kazi inaendelea.

Miimo miwili ilipokuwa tayari niliisimamisha ukutani, nikarudi nyuma kuitazama. Kitu hakikuwa sawa. Mama watoto alipita na kapu la nguo akasema, "Mnyororo wako umelala," akaenda zake. Nilisogea kwa taa. Kisu cha mviringo hakiwezi kuingia pembeni. Pale baba alipokuwa akimaliza kwa ncha kali, mashine iliacha mviringo wa milimita moja na nusu. Tena haiwezi kuchimba chini ya ukingo, ndani kwa ndani, na hicho ndicho kivuli kinachoifanya pete ionekane imenyanyuka juu ya ubao. Pete moja ina pembe nane. Pete thelathini, pembe 240. Kwa nusu saa yangu ya kila siku, na kizingiti bado, ningemaliza mwaka ukiwa umekwisha kupita zamani.

Niliifungua ile kanga. Patasi zilikuwa na kutu, lakini kutu ya juu. Nilimkalisha mwanangu na jiwe na mafuta, nikamfundisha kunoa, jambo ambalo nilipaswa kulifanya alipokuwa na miaka minane na sikulifanya kwa sababu nilikuwa kiwandani. Siku tatu za kwanza alinoa tu. Kisha nikampa vile vipande vya mwimo ulioharibika, akachonga pembe zake zote, mbovu na nzuri. Alijikata mara mbili. Alinikasirikia pia, akasema kompyuta ingeweza kufanya yote laiti ningenunua mashine ya pande tano. Huenda ni kweli. Bei yake ni ya nyumba. Mwezi wa Septemba alianza miimo yenyewe, pembe kumi hivi kwa usiku baada ya masomo, nami nusu saa yangu nikaitoa kwenye kivuli cha chini ya pete, mahali ambapo sikuthubutu kumwachia.

Mzee nilimwendea Chatsworth nikamwambia yote: mashine, vidole, na kwamba mlango hautakuwa tayari mwaka 2023. Vilevile nilimwambia kwamba sitamtoza bei ya kazi ya mkono, kwani sehemu kubwa si ya mkono. Yapo maduka yanayouza kazi ya mashine kwa jina la mkono, na mwenye duka mmoja alikwisha kuniomba nimfanyie hivyo. Mzee alisikiliza, akauliza kama mashine ndiyo iliyokwenda kusugua makaa kwenye mlango wa Unguja. Nikasema hapana, ni baba. "Basi," akasema, "tumengoja mia na hamsini. Miezi michache si kitu."

Tuliusimamisha mwezi wa Februari 2024. Fremu ya nyumba yake ilikuwa nyembamba kuliko vipimo alivyonipa, tukapoteza nusu siku na tindo tukiupanua ukuta. Mabamba na mfaa ni vya kazi nyingine, nitakavyovimaliza mwaka huu inshallah. Mfaa sijautia mashineni. Uko mezani, na mwanangu amefika katikati yake.

Anayefikiria kununua na aje kwanza na kipande cha mbao anayokusudia kuifanyia kazi, tukikate pamoja aone. Nipo Jumamosi baada ya Adhuhuri. Asubuhi jirani yangu hulala, kwani anafanya kazi za usiku bandarini, na tumekubaliana.